Zamu ya Msiba

Karatu, 14 Januari 2024

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Mimi mzima, ni baridi ya huku tu inayonitafuna vidole. Goti la Mama linaendeleaje? Nilimtumia dawa ya kuchua kwa basi. Kama haijafika niambie, jina la kondakta ninalo na namba ya basi ninayo. Wifi Notburga msalimie, na mwambie ile mbegu ya maharage niliyochukua kwake imekubali udongo wa huku.

Naandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni njema. Kampuni yetu inafungua hoteli Ziwa Nyasa, ufukweni chini ya Kihagara, nyumbani kwa kina Mama, pale kwenye mawe tulipokuwa tunaanika nguo tukienda kwa Mjomba Ignatio. Vyumba ni kumi na vinne tu, kila kimoja na baraza lake linalotazama maji. Wageni wake ni wale wa daraja la juu kabisa, ambao mto ukiwa mgumu malalamiko yanakuwa yameshaandikwa kabla ya chai ya asubuhi. Nimeteuliwa kaimu meneja mkuu. Kaimu, Kaka. Nina miezi sita tangu siku ya kufungua. Ikiisha, wenye hoteli wataamua: ama neno “kaimu” linafutwa, ama wanamleta mtu wao na mimi narudi Karatu kuwa msaidizi wa meneja mwingine. Atakuwa wa tatu huyo. Wawili wa kwanza kazi niliwafundisha mimi.

Ya pili si njema, nawe unaijua. Kwenye harusi ya Beata, MC alinitambulisha mbele ya ukumbi mzima: “Shangazi wa bibi harusi, yuko serikalini, Arusha!” Watu wakapiga makofi. Nikasimama, nikapunga mkono kama mkuu wa wilaya. Karatasi aliyokuwa anasoma ilikuwa na mwandiko wako. Kaka, nina miaka kumi na tisa hotelini. Nilianza kwa kufua mashuka, nikatandika vitanda, nikawasimamia wanaotandika, nikakaa mapokezi, nikaendesha hoteli nzima wakubwa wakiwa likizo. Hakuna ngazi niliyorushwa, na hakuna siku niliyofanya jambo nisiloweza kulisimulia mbele ya padre. Ila kwako wewe katekista, mtoto wa kike anayefanya kazi penye vitanda ni wa kufichwa ndani ya serikali.

Kwa hiyo usinipigie simu. Kwenye simu wewe unapandisha sauti, mimi nakata, halafu Mama analia. Ukiwa na neno, liandike. Anayeandika anapata muda wa kufikiri. Wala usinifundishe kazi, hiyo naijua.

Nashuka huko mwezi wa tatu.

Mdogo wako,
Emiliana


Kigonsera, 9 Februari 2024

Mdogo wangu Emiliana,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kutoka kwa mtu wa basi, imekunjwa lakini inasomeka. Hapa kwetu mvua ni nyingi, mashimo ya ngolo shambani yamejaa maji, mahindi yamesimama vizuri. Mama dawa ameipata, anaisifu harufu kuliko kazi yake. Notburga anasema hiyo mbegu hukuomba, ulichukua.

Kuhusu MC, yule bwana alikuwa ameshakunywa, na taa za ukumbi zilikuwa hafifu. Sina zaidi.

Hongera kwa kuaminiwa. Nimemwambia Padre, akauliza ni hoteli ya namna gani. Nikamwambia ni ya kitalii. Hilo neno limemridhisha, ametuombea.

Sasa nina swali moja. Wafanyakazi utawatoa wapi? Nasikia huko ufukweni watu wameshaanza kujipanga kwa ukoo. Usiwachukue wote Kihagara. Changanya. Umeniambia nisikufundishe kazi, basi sielezi. Changanya tu.

Na hapo hapo, mkwe wangu Henry, mume wa Beata, amesomea mambo ya mapokezi Songea na yuko nyumbani tu anahesabu kuku wangu. Kijana ana adabu na Kiingereza kinamtoka. Mfikirie.

Kaka yako,
Wendelin


Hotelini, Kihagara, 21 Aprili 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimeshuka salama. Nilipita Kigonsera nikiwa kwenye gari la mizigo, tumebeba magodoro, dereva akakataa kusimama. Nilimpungia Mama nikiwa barabarani. Sijui kama aliniona.

Kazi inakwenda. Nimesaili watu mia mbili na kumi na watatu, nimechukua arobaini na sita. Kati yao thelathini na tisa ni wa Kihagara. Ndiyo, nimeisoma “changanya” yako. Nimeona pia mstari unaofuata una jina la Henry. Mimi hesabu najua, Kaka. Ukisema nichanganye, maana yake nichukue wa kwenu wa milimani. Wa Kihagara wanakuja kwa miguu, hawahitaji gari la wafanyakazi wala nyumba za kulala. Wanajuana, hawaibiani, na mmoja akichelewa shangazi yake anamfuata kitandani. Nionyeshe hoteli yoyote kaskazini yenye nidhamu ya namna hiyo, nami nitameza maneno yangu.

Henry alikuja kwenye usaili. Nilimwuliza, “Mgeni akikikataa chumba utafanyaje?” Akanijibu, “Namwambia shangazi.” Nikamrudisha.

Mafunzo yana vituko. Restituta, niliyemweka mkuu wa chumba cha chakula, hawezi kumhudumia mgeni kabla hajamjulia hali ya mama, baba, watoto, na kama wana mifugo basi na mifugo. Supu inapoa. Nikamwambia, “Restituta, wageni hawa wanataka kula.” Akaniangalia kama nimemtukana mtu. “Dada meneja, nitamlisha vipi mtu nisiyejua kama kwao ni wazima?” Wiki iliyopita tulikuwa na mama mmoja wa Denmark, mgeni wa majaribio. Restituta akamwuliza habari za mama yake. Yule mama akaanza kulia palepale mezani, akasema ana miaka hajaulizwa. Nimebadilisha kanuni: salamu zitolewe zote, ila supu ije baada ya salamu. Jiko limepewa taarifa.

Mjomba Ignatio anakuja kila asubuhi na fimbo yake, anasimama getini, anawaambia wapita njia: “Huyo ndani ni mpwa wangu. Hata wenye ndege wanamwomba ruhusa ya kulala.” Nilimtembeza vyumbani. Akajilaza chumba namba tatu, akasema kitanda kile ni laini mno, hakimfai mtu anayetaka kuamka.

Tunafungua tarehe mosi Mei. Mama mwambie nitapanda kumsalimia mambo yakitulia.

Emiliana


Mbinga mjini, 2 Juni 2024

Emiliana,

Marahaba. Henry alirudi. Hajasema mlizungumza nini, ila alilala mchana kutwa, na kwa Henry hiyo si kawaida.

Thelathini na tisa. Sawa. Wewe ndiye mwenye kazi.

Kahawa imeanza kuiva, tunachuma kidogo kidogo. Barua hii naiandikia mjini, nina shughuli zangu hapa. Mama hajambo. Anasema ufanye kazi, usipande kwa ajili yake.

Wendelin


Hotelini, 30 Juni 2024

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Tulionana kaburini kwa Mjomba lakini hatukuongea. Mama sikumwona, nikadhani goti limemzuia. Najua nilionekanaje: mpwa aliyefika wakati wa kuweka udongo, akaondoka chai haijaandaliwa. Sasa nakuandikia nilikotoka na nilikorudi, uhukumu ukiwa na pande zote mbili.

Alhamisi ile hoteli ilikuwa imejaa. Vyumba vyote kumi na vinne vilikuwa na mawakala wa safari, watu ambao mmoja akiipenda hoteli anakuletea wageni mwaka mzima, na akiichukia anakuletea jina baya mwaka mzima. Juu yao alikuwepo Mama Eunice, mkurugenzi wetu, ametoka Dar kunipima. Asubuhi naingia jikoni: moto unawaka, maji yanachemka, mkate uko nusu umekatwa, na hakuna mtu. Nikadhani wanasali. Ndipo Restituta akaingia mbio kuchukua kanga yake.

“Dada meneja, babu yetu Ignatio ametutoka.”

Nikamwuliza, “Mnakwenda wote?”

“Sasa abaki nani, dada? Mimi mjukuu. Mpishi mjukuu. Wa boti ni mkwe. Hata wewe si unakuja?”

Hawakuomba ruhusa, na wala haikuwa dharau. Kwao si jambo la kuombewa ruhusa, kama ambavyo mtu haombi ruhusa ya kukimbia nyumba ikiungua. Watu thelathini na tisa kati ya arobaini na sita. Asilimia themanini na tano ya hoteli yangu ilikuwa imejifunga kanga kichwani na kuondoka. Nilibaki na saba: mhasibu Alphonce wa Songea, walinzi wanne wa kijiji cha Tingi, fundi umeme na mwenye bustani.

Mama Eunice akanikuta pale pale. “Waite, warudi hata nusu.”

“Nikimwita mmoja leo, kesho sitampata hata mmoja.”

Akabadili shauri. “Basi wapeleke wageni msibani. Mawakala wanapenda vitu vya asili. Ngoma, kilio, watajisikia wamekaribishwa.”

“Mama Eunice, aliyelala pale ni mjomba wangu. Msiba wake hautakuwa matembezi ya wageni.”

Alinitazama nikajua naweza kuwa nimejifukuza kazi. Nilikwenda kwa wageni, nikawaambia ukweli: mzee wa kijiji hiki amefariki, ni mjomba wangu, na karibu kila aliyewahudumia jana ni wa damu yake. Leo mtapikiwa na mimi. Mmoja akaniuliza menyu iko wapi. Nikamjibu, “Leo menyu ni mimi.” Wakacheka, na mgeni akishacheka unayo nafasi ya kufanya kazi.

Nilivua koti, nikatandika vyumba vyote kumi na vinne. Kaka, mikono haijasahau. Pembe za shuka zilikaa kama zimepigwa pasi. Alphonce alimenya viazi huku anavihesabu. Walinzi walibeba sinia kama wanabeba bunduki. Mchana tuliwapa samaki mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo, hakuna cha pili, na hakuna aliyebakiza. Saa ya maziko nilimwachia Alphonce funguo, nikaja, nikaweka udongo, nikarudi kuandaa cha jioni. Nililia njiani kwenda na njiani kurudi, ili nisilie mbele ya watu wa pande zote mbili.

Mama Eunice alipoondoka aliniambia hivi, nayakariri: “Umeokoa vizuri sana jambo ambalo halikutakiwa kutokea. Emiliana, wajukuu thelathini na tisa wa mtu mmoja si hoteli. Ni ukoo wenye mashuka. Nitarudi, na sitakuambia lini.”

Amesema kweli, na kosa ni langu, nimelibeba. Lakini nina neno na wewe. Ulijua. Uliandika “changanya” ukanyamaza. Ungeongeza neno moja tu, “msiba”, ningeelewa. Uliniacha nianguke ili uonekane ulisema?

Emiliana


Mbinga mjini, 11 Julai 2024

Emiliana,

Marahaba na pole tena. Mjomba alitupenda sote, wewe alikuzidishia.

Uliniambia nisikufundishe kazi, sikukufundisha. Na ningeandika “msiba” ungeniamini? Ulikuwa umeshaliona jina la Henry. Ungesema kaka anamtabiria mtu kifo ili mkwe wake apate ajira.

Sasa umeuliza, nakujibu. Tulipojenga kanisa la kigango chetu tulichukua mafundi wa ukoo mmoja, kwa sababu ile ile yako, kwamba wanajuana. Bibi yao akafariki. Ukuta ulisimama mpaka matanga yakaisha, mvua ikaanza, ukaanguka, tukajenga upya. Tangu hapo kila kazi ninayosimamia naweka watu wa sehemu tatu. Hilo sikulisoma chuo chochote.

Msibani watu waliongea kwamba hukulala. Nikawajibu. Yameisha.

Nakutumia majina matatu ya vijana wa huku juu: Romanus, aliyepika seminari, Ladislaus, fundi wa maji, na binti mmoja wa Kigonsera anayeitwa Aurelia, anayejua kuongea na watu wakorofi kwa sababu mama yake ni mkorofi. Henry simwombei tena. Hao watatu wasaili kama wengine.

Kahawa ni nzuri mwaka huu. Mama hajambo.

Wendelin


Hotelini, 18 Agosti 2024

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Ziwa limechafuka, upepo wa mwera umevunja miavuli miwili ya ufukweni na boti haitoki. Wageni wanakaa barazani wanaangalia mawimbi, wanasema ni uzuri. Wana bahati hawavui.

Restituta amenisimulia ulivyowajibu watu msibani. Wewe umeniandikia “nikawajibu, yameisha”, kama mtu aliyefunga dirisha. Yeye anasema ulisimama, ukavua kofia, ukasema: “Huyo mnayemsema ana wageni ndani ya nyumba. Mjomba asingempokea kama angewaacha na njaa. Asiyejua kuendesha nyumba ya watu arobaini na sita anyamaze.” Anasema hata wazee waliokuwa wananisema walitikisa kichwa kukubali. Sikuulizi kwa nini hukuniandikia. Nimeshasikia, inatosha.

Nimechanganya. Sikumfukuza mtu. Wanane walishindwa kazi wakaondoka wenyewe kabla muda wa majaribio haujaisha, nafasi zao nimezijaza kwa watu wa Tingi na wa huko juu, na nimefundisha wengine kumi na wawili wa akiba ambao tunawaita wakihitajika. Kila kitengo, jiko, vyumba, meza, mapokezi, boti, lazima kiwe na watu wa sehemu tatu. Tumeiita zamu ya msiba. Aliyefiwa anaondoka bila kuomba. Asiyefiwa anabaki bila kununa, na zamu yake ya kufiwa ikija, wenzake watabaki.

Usidhani walikubali kwa makofi. Kikao kilitumia asubuhi nzima kubishania nani ahesabiwe amefiwa. Mke wa mjomba? Ndiyo. Jirani aliyekulea? Ndiyo. Mtu mliyebatizwa naye siku moja? Hapo ikawa vita. Restituta akasimama: “Dada meneja, kwa hiyo sasa tutapangiwa na siku ya kufa?” Nikamjibu, “Siku ya kufa panga mwenyewe. Mimi napanga nani atamtandikia mgeni kitanda wewe ukiwa unalia.” Akakaa. Baadaye ndiye aliyewashawishi wengine, na kwa maneno makali kuliko yangu.

Henry alirudi mwenyewe. Nikamwuliza swali lile lile. Akasema, “Namwomba radhi, namhamisha, halafu naenda kukaa kwenye kile chumba nione alichokiona.” Yuko mapokezi. Sikumchukua kwa ajili yako.

Sasa naomba unijibu. Barua zako mbili umeziandikia Mbinga mjini. Mkulima wa Kigonsera, msimu wa kuchuma, ana shughuli gani mjini Juni na Julai? Na kila nikimwuliza Mama unanipa neno moja, “hajambo”. Wewe si mtu wa neno moja.

Emiliana


Mbinga mjini, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Umeuliza. Najibu.

Mama yuko hospitali hapa mjini tangu Mei, anaingia na kutoka. Ana uvimbe tumboni. Alituapisha mimi na Notburga kwamba usiambiwe mpaka lile neno “kaimu” lifutwe. Alisema, “Mtoto huyu alirukwa mara mbili, mimi sitakuwa sababu ya mara ya tatu.” Siku ile ulipopita na magodoro alikuona, alisimulia wodi nzima.

Namba yako ya simu ninayo. Nimeishika mkononi mara nyingi. Uliniambia nisipige, na Mama akaniambia nisiseme, nikawa mtu wa kuandika “hajambo”.

Alhamisi daktari anampasua. Amenikataza hata hilo, lakini jana usiku akiwa usingizini alikuita, kwa hiyo kiapo nimekivunja. Barua hii nampa dereva wa basi wa Mbamba Bay akukabidhi mkononi.

Njoo au usije. Najua nini kiko mezani kwako na najua yule mkurugenzi anaweza kutokea siku yoyote. Sitakuhukumu, na sitaruhusu mtu akuhukumu.

Wendelin


Hotelini, 13 Oktoba 2024

Kaka Wendelin,

Shikamoo. Natumaini Mama anaendelea kula ule uji, na kwamba Notburga ameacha kuutia sukari. Kidonda kisiguswe na maji. Nimemwandikia Beata ratiba ya dawa na kuibandika ukutani, muiheshimu.

Zile siku kumi tulizokaa wote wodini hatukuongea mambo ya hoteli. Wewe hukuuliza, nami nikiwa pale simu nilikuwa nimeizima. Na Jumapili nyumbani hatukupata nafasi. Sasa nakusimulia kilichotokea huku, kwa sababu wewe una haki ya kujua kuliko wote.

Barua yako ilinifikia Jumatatu jioni. Nilimwita Restituta, nikamkabidhi funguo. Akaniuliza, “Mkurugenzi akija?” Nikamwambia, “Mkaribishe.” Akauliza, “Nimwambie nini?” Nikamwambia, “Ukweli.” Nikapanda gari la alfajiri. Njia nzima nilijua ninachokiacha, Kaka. Nilikuwa nimebakiza wiki sita. Sikujuta, lakini nilijua.

Ijumaa, Mama akiwa ndiyo kwanza anafumbua macho, huku Tingi alifariki mzee Bartholomayo. Watu wangu kumi na wanne walifiwa siku moja, wawili kati yao wapishi. Na Ijumaa hiyo hiyo, saa ya chakula cha mchana, gari la Mama Eunice likaingia getini.

Henry alikuwa mapokezi. Yafuatayo nimeyapata kwake, nikayahakikisha kwa Restituta, na maneno yao hayakupishana.

“Meneja yuko wapi?”

“Yuko hospitali kwa mama yake, Mbinga. Karibu sana, Mama, pole na barabara. Nyumbani hawajambo?”

“Anarudi lini?”

“Mama yake akipona.”

“Na nani anaendesha hoteli?”

Henry akasema, “Sisi.” Kisha akamchukulia begi.

Alikaa siku mbili. Alikagua vitanda, akaonja kila chungu, akafungua friji, akapanda boti. Vyumba kumi na kimoja vilikuwa na wageni, na hakuna mgeni aliyejua kwamba theluthi ya hoteli iko msibani. Romanus wa seminari ndiye aliyeshika jiko. Mama Eunice alilalamikia jambo moja, chumvi kwenye supu, na Restituta akamjibu, “Nitamwambia. Yeye ni wa milimani, hajazoea bado.” Jumapili asubuhi akaondoka. Hakunipigia. Aliacha bahasha kwa Restituta.

“Kaimu” limefutwa, Kaka. Limefutwa wiki sita kabla ya siku yake, nami sikuwepo.

Mkataba uliokuwa ndani ya bahasha sikuusaini siku niliyorudi. Nilimwandikia kwamba nina sharti: zamu ya msiba na ya ugonjwa iandikwe ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi, si hisani ya meneja mwenye roho nzuri, maana meneja atakayekuja baada yangu anaweza asiwe nayo. Na jina la meneja mkuu liwe ndani ya zamu hiyo kama la mtu mwingine yeyote. La pili, msaidizi wangu awe Restituta. Walitaka kuniletea mtu kutoka nje mwenye shahada. Nikawajibu kwamba mwenye shahada aje, atafundishwa na Restituta. La kwanza wamekubali lote. La pili wamekubali kwa mwaka mmoja, tutazame. Sina wasiwasi na huo mwaka. Nimesaini Alhamisi.

Jumapili iliyopita nilipanda Kigonsera. Nyote mlikuwa kanisani, wewe ndiye uliyekuwa unaongoza ibada, kwa hiyo hukutuona. Nilimkuta Mama amekaa juani, nikamsomea barua ya uteuzi yote, pamoja na vifungu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, “Na wewe ukiugua, wageni watakaa na nani?”

Nikamwambia, na Restituta.

“Restituta yule wa mwana wa Ignatio?”

“Huyo huyo.”

Akaniambia niinuke nikaoge, maji yako motoni, halafu niingie ndani nilale, kitanda chake kimetandikwa. Nililala mpaka mliporudi na kelele zenu.

Mdogo wako,
Emiliana